Otopailoti ya mashua kwa mota ya waipa, namna nilivyoitengeneza na we unavyoweza

Aliyewahi kuvuka kwa tanga kutoka Tanga kwenda Wete, Pemba, anajua kinachochosha sio mawimbi, ni kana, ule mkono wa kugeuzia usukani. Masaa tisa mkono uko palepale, ukiachia kidogo tu umimine kahawa mashua ishageukia upepo, tanga linapigapiga na abiria wanakuangalia. Mjomba wangu kazi hiyo kaifanya tangu hajaoa, sasa hivi akinyanyua bega la kulia avae kanzu unamsikia anaguna. Mimi ni fundi redio, baharini naenda nikiitwa, nikasema ngoja nimtengenezee kidude cha kumshikia kana. Imenila misimu miwili ya kaskazi na vitu kadhaa vimeungua, kwa hiyo hapa naandika njia iliyofanya kazi na zile zilizonitia hasara pia, ili we usipite kulekule.

Mashua yenyewe ni futi 22, ya mbao, tanga moja la foromali (ule mti wa juu unaobeba tanga), usukani wa nje unaoning'inia tezini, yani nyuma. Kama chako ni chombo cha faiba chenye matanga mawili mambo ni yaleyale, ilimradi kinaendeshwa kwa kana na sio kwa gurudumu.

Kwanza mashua ijue kwenda yenyewe

Hapa ndo wengi wanapotea, wanakimbilia kununua bodi na mota wakati mashua yenyewe ukiiachia inaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Fanya hivi: siku ya upepo wa kawaida weka mashua upepo uje ubavuni, funga kana katikati kwa kamba pande zote mbili, halafu hesabu moja, mbili, tatu, uone inashika njia mpaka ngapi. Ya kwetu ilifika nne tu, ya tano omo, yani pua ya mashua, ishageuka. Mota yoyote utakayofunga kwenye chombo cha hivyo haitapumzika, itakula betri, mwisho itaungua, na we utasema otopailoti mbovu kumbe mbovu ni farumi. Sisi tulisogeza farumi, yani mifuko yetu ya mchanga, nyuma kama hatua moja ili omo inyanyuke, mlingoti tukaulaza mbele kidogo zaidi, na mjomba akakubali kulegeza demani, ile kamba ya kukazia tanga, kuliko alivyozoea, na hilo la mwisho ndo lilikuwa gumu kuliko yote. Tukafika hesabu ya ishirini na kitu. Hapo ndo unaweza kuanza kuongelea mota.

Na usidhani nakuza maneno. Joshua Slocum, yule aliyezunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, alivuka bahari yetu hii ya Hindi kutoka Thursday Island, kaskazini ya Australia, mpaka visiwa vya Cocos, maili 2,700 kwa siku 23, na kwa maelezo yake mwenyewe muda wote huo hakushika usukani zaidi ya masaa matatu. Hakuwa na betri wala mota, alifunga usukani kwa kamba na Spray, mashua yake, ikaenda, basi.

Kabla hujatoka hapo azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Ifunge kwenye kana sentimita 45 kutoka kwenye mhimili wa usukani, uvute kwa mizani badala ya mkono, uone inasoma ngapi mashua ikiwa inakwenda sawa. Sisi ilikuwa kilo 6 mpaka 8, upepo ukipiga ghafla 15. Andika namba hizo mahali maana ndo zitakuambia ununue mota gani. Ukiona inasoma zaidi ya 20 kwa upepo wa kawaida rudi kwenye farumi, usiende dukani.

Otopailoti ya bure: mpira wa manati

Sikutanii. Chukua kamba ndogo, ifunge kwenye demani, ipitishe kwenye kapi upande wa joshi, yani unakotoka upepo, halafu ije ifungwe kwenye kana. Upande wa pili weka ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule ule wa manati, uwe unaivuta kana kwenda chini ya upepo. Upepo ukizidi demani inakaza, inavuta kana kwenda joshini, omo inaukimbia upepo. Ukipungua mpira unashinda, kana inarudi, omo inaurudia upepo. (Demani hapa nasema kamba, sio upande, msije mkanifunga kamba pabaya.) Kazi kubwa ni kupata mpira wa nguvu inayofaa, anza na kanda mbili, ongeza au punguza mmoja mmoja huku unaangalia. Unafanya kazi upepo ukiwa wa joshi au wa ubavuni, upepo wa tezini sahau kabisa. Tulisafiri hivi mwezi mzima, na mpaka leo ule mpira upo chini ya ubao kwa siku betri ikigoma.

Mota, na jeki ya dishi iliyonitia aibu

Nilianza na jeki ya dishi, ile ya madishi makubwa ya zamani, maana nilikuwa nayo stoo na ukiiangalia imekaa kama ilitengenezwa kwa ajili ya kana: mrija unatoka na kuingia, nguvu kama punda. Tatizo zinataka volti 36, na hata ukizipa hizo 36 zinatembea milimita nne tano kwa sekunde, kwa sababu kazi yake ni kutafuta setilaiti, na setilaiti haina haraka. Kwa volti 12 ilikuwa inatambaa. Mashua ishageuka nyuzi 40 jeki ndo kwanza inajinyoosha, mjomba kimya tu, anatazama baharini kwa heshima.

Hesabu ambayo ningeifanya kabla ni hii. Kwa sentimita 45 kutoka kwenye mhimili, kuigeuza kana nyuzi 10 kunataka mwendo wa karibu sentimita 8, na unataka huo mwendo uishe ndani ya sekunde moja na kidogo. Kwa hiyo kama unanunua jeki mpya ya volti 12 mtandaoni soma namba mbili, nguvu na mwendo. Nguvu iwe newton 300 (kama kilo 30 za ile mizani) na kuendelea, mwendo milimita 50 kwa sekunde au zaidi. Zile zinazojisifu kubeba kilo mia na kitu ni za polepole, ndani mle ni giya tu, ukizidisha nguvu unapunguza mwendo.

Mie niliishia kwenye mota ya waipa ya gari, ya mtumba, Ilala zipo tele. Inakuja na nyaya nne tano: moja ya mwendo mdogo, moja ya mwendo mkubwa, zilizobaki za kusimamisha mkono wa waipa mahali pake. Unayoitaka ni ya mwendo mdogo tu, zingine ziba kwa selotepu. Angalia kitu kimoja, mota nyingi za hivi hasi yake ni lile bodi lenyewe la chuma, kwa hiyo ukigeuza umeme ili izunguke kinyume bodi linakuwa chanya. Kwenye gari huo ungekuwa msala, kwenye mashua ya mbao unaifunga juu ya ubao, isiguse chuma kingine, kwisha habari.

Fundi wa kukereza alinichongea gurudumu la nailoni lenye kipenyo cha milimita 40, likaingia kwenye shafti badala ya mkono wa waipa. Mzunguko mmoja unavuta kamba milimita 126, mota yangu inazunguka mara 45 kwa dakika, yani kamba inakwenda sentimita 9 na kidogo kwa sekunde na kana inageuka kama nyuzi 12 kwa sekunde. Inatosha na kubaki. Kamba iwe ya poliesta ya milimita 5, nailoni inanyooka. Izungushe mara nne kwenye gurudumu isiteleze, ncha moja ipite kapi la kushoto, nyingine kapi la kulia, zote mbili zikutane kwenye pete moja, na pete iingie kwenye kulabu uliyopigilia kwenye kana.

Hiyo kulabu iangalie kuliko mota. Giya ya waipa ni ya parafujo, mota inageuza shafti lakini shafti haiwezi kugeuza mota, kwa hiyo umeme ukikatika kana imejifunga pale ilipo na huwezi kuilazimisha. Pete itoke kwa mkono mmoja, gizani, umelowa, sekunde moja. Jaribu umefumba macho, ikikushinda badilisha kulabu.

Ubongo na dira

Vinavyohitajika: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo, ndo ubongo wenyewe), chipu ya dira BNO055, draiva ya mota BTS7960 (inayoipa mota umeme kwa amri ya bodi), volyumu ya redio ya 10K, vifungo vitatu vinne na kipaza mlio kidogo cha kupigia kelele. Volyumu ndo inayoiambia bodi usukani uko wapi, ifunge juu ya mhimili wa usukani ili ukigeuka na yenyewe igeuke, na uilishe volti 3.3, sio 5, la sivyo utaua mguu wa ESP32. Nimeweka kwenye mguu wa 34. Dira inaingia 21 na 22. Draiva inataka miguu miwili ya PWM, yani ya kuwasha na kuzima haraka haraka ili kupima nguvu ya mota, mmoja kwa kila upande.

BNO055 nimeipendea kitu kimoja, ndani ina dira, jairo (inayopima kugeuka) na sensa ya mlalo, na hesabu ya kuchanganya hivyo vitatu inaifanya yenyewe mara 100 kwa sekunde, we unasoma nyuzi tu. Dira peke yake haitoshi kwa sababu mashua ikilala na kuyumba inasoma uongo, jairo ndo inaishikilia.

Ila hata hiyo ukiiweka pabaya inakudanganya. Siku ya kwanza ndani ya ghuba ya Tanga, tunatoka kisiwa cha Toten kuelekea cha Ulenge, kila kitu safi, halafu mashua ikakata kona yenyewe nyuzi 15. Baada ya muda ikarudi njiani. Halafu tena. Nikakagua programu, nikakagua nyaya, nikailaumu draiva. Kuja kushtuka, mjomba kila akitaka kahawa analisogeza jiko la mkaa, chuma kitupu lile, analileta nyuma penye kivuli cha upepo, shubiri mbili kutoka kwenye ubao niliofungia sensa. Kahawa ikiiva jiko linarudi mbele na mashua nayo inarudi njiani. Kumbe siku nzima nahodha ni mdila. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, "Mwanangu, hicho kidude chako kinapenda kahawa kuliko mimi."

Kwa hiyo: mita moja na zaidi kutoka kwenye mota, mbali na spika, simu, nanga na jiko, na nyaya mbili za mota zisokotwe pamoja toka mwanzo mpaka mwisho. Kuifundisha dira kufanyike ikiwa imeshafungwa mahali pake pa kudumu, sio mezani nyumbani. Tafuta maji yaliyotulia, zungusha mashua duara zima mara mbili tatu polepole, chipu inajipa alama kuanzia 0 mpaka 3, ikifika 3 hifadhi zile namba kwenye kumbukumbu ya ESP32 maana yenyewe ikizimwa inasahau kila kitu.

Programu

Kama hutaki kuandika mwenyewe ipo pypilot, programu huria ya bure inayokaa kwenye Raspberry Pi (kompyuta nyingine ndogo), nzuri sana. Mie nilitaka kuelewa kinachoendelea ndani nikaandika yangu, na kiini chake ni mistari miwili.

kosa = fmod(lengo - dira + 540, 360) - 180
usukani = P * kosa - D * kasi_ya_kugeuka

Huo mstari wa kwanza usiuruke. Bila huo, umeweka lengo 358, mashua ikasogea mpaka 2, programu inatoa hesabu inaona kosa ni 356 na inakata usukani wote mashua izunguke duara zima, wakati kosa lenyewe ni nyuzi 4.

P anza na 0.5, maana yake mashua ikitoka njiani nyuzi 10 usukani unakatwa nyuzi 5. D iache sifuri kwanza. Utaona mashua inakwenda kama nyoka, inapita lengo huku, inapita kule, hapo ongeza D kidogo kidogo mpaka nyoka atulie. D ndo ule ujuzi wa mjomba, yeye hasubiri omo ifike, anaanza kurudisha kana mashua ikiwa bado inageuka. Halafu kwa kuwa mashua siku zote inapenda joshi kidogo, P na D zitakuacha nyuzi nne tano pembeni ya lengo, ongeza na I, yani namba ya kuzidisha kosa linalojikusanya muda wote, lakini ndogo sana, kama 0.01, na iwekee ukomo isije ikajijaza.

Vingine vya kuandika: usukani usizidi nyuzi 25 kila upande, mota isiwake zaidi ya sekunde tano mfululizo, kosa likizidi nyuzi 20 kwa sekunde kumi lile limlio lilie. Na eneo la kuvumilia, yani kosa likiwa chini ya nyuzi 2 usifanye kitu, bahari ikichafuka lipandishe mpaka 5. Hili eneo ndo linaloponya betri, mawimbi yanaipeleka mashua na kuirudisha yenyewe, hakuna haja ya mota kugombana nayo.

Jaribu kwanza nchi kavu. Weka lengo, zungusha sensa kwa mkono kwenda kulia, kana lazima ijitahidi kurudisha mashua kushoto. Ikienda kinyume geuza nyaya za mota. Afadhali ugundue hapo kuliko mbele ya meli.

Umeme na chumvi

Haraka haraka. Mota inakula ampia 4 ikiwaka, kwetu inawaka kama dakika 9 kwa kila saa, ukijumlisha na bodi ni wastani wa ampia 0.7, kuvuka masaa tisa ni kama ampia-saa 6 na kidogo. Betri ya pikipiki ya 7 haitoshi, betri za asidi ukizimaliza mpaka chini unaziua, weka ya 20 na sola ya wati 50. Fyuzi ya ampia 10 karibu kabisa na chanya ya betri. Waya wa mota wa milimita za mraba 2.5. Bodi ilishwe kupitia kishusha volti, na weka kapasita kubwa, mikrofaradi 1000 hivi, kwenye kiingilio chake, maana mota ikianza kuzunguka volti zinaporomoka na ESP32 inajizima na kujiwasha, ukiiona inasahau lengo kila mara ujue ndo hiyo.

Boksi ni kontena la chakula lenye mpira kwenye mfuniko. Nyaya ziingilie chini, sio juu, na zininginie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke huko nje. Bodi ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ila usipake sehemu za kuchomeka. Mke wangu aliniuliza mara tatu naipeleka wapi.

Dira sio njia

Sasa hili ndo limewashinda hata watu wenye vifaa vya pesa nyingi. Kidude hiki kinashika uelekeo wa omo, hakijui maji yanakupeleka wapi. Wete iko karibu mashariki kamili ya Tanga, maili za baharini 37 hivi. Ukaweka lengo 90 ukalala, mwendo wako noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), na mkondo pale unasukuma kwenda kaskazini, tuseme noti 1 tu, baada ya masaa tisa dira haijakosea hata nyuzi moja na we uko maili tisa juu ya Wete, unaitazama Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Mkondo ukiwa noti 2, na kipindi cha kusi unafika hapo na kupita, umeikosa Pemba nzima. Kwa noti 1 lengo ni kama 105, kwa kaskazi hiyo inalala vizuri. Mjomba yeye hajui hesabu hizo, anakwambia "shika chini kidogo ya jua linapotokea," na namba zake na zangu zinakutana. Kila nusu saa angalia GPS ya simu, sogeza lengo nyuzi tano huku au kule. Simu mbali na sensa lakini.

Na tanga la foromali kugeuza ni kazi ya watu, mota haitakugeuzia. Kabla ya kugeuza, toa pete.

Ukianguka

Kabla ya otopailoti, mtu wa kana akianguka majini mashua ilikuwa inageukia upepo yenyewe na kusimama. Sasa haisimami, inakuacha inakwenda zake Pemba. Ukiwa peke yako jifunge kamba, hakuna mjadala. Sisi tumeongeza kamba ya mita 20 inayoburutwa nyuma yenye kifundo mwishoni, na huku imefungwa kwenye ile pete, ukiivuta kwa nguvu pete inachomoka kwenye kulabu, kana inakuwa huru na mashua inageukia upepo. Tulijaribu kweli, nikajirusha mimi, mjomba yuko ndani tayari kunifuata. Mara ya kwanza kamba ilinipita, ndo maana kuna kifundo.

Kanuni ya 5 ya zile sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za 1972 inataka chombo chochote kiwe na mtu anayeangalia na kusikiliza muda wote, na otopailoti haina macho. Meli zinapita, usiku kuna ngalawa hazina hata kurunzi. Kazi ya mkono imeisha, ya macho imebaki.

Tukishaiona Fundo, kisiwa kilicho mbele ya Wete, maji yanaanza kubadilika rangi na mwamba uko pande zote, mjomba anainuka bila kuambiwa, anachomoa pete, anaitundika kwenye msumari na kushika kana mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Hapo hampi mtu, hata mimi.